Kufukuza mwangwi nyumbani: Funzo la sebule moja ya Kabeza kwa wafanyabiashara wa mpakani

Na Mwandishi Wetu, Kigali

BABA yangu aliacha kusikiliza muziki mwezi wa pili baada ya kuhamia kwangu Kabeza. Kwa mtu anayemjua, hilo lilikuwa jambo la kutisha kuliko kukataa chakula.

Mzee aliendesha lori kwa zaidi ya miaka ishirini, Kigali hadi Dar es Salaam kupitia Rusumo. Kule Biryogo alikokulia, kaseti zake zilijulikana kuliko lori lenyewe. Alikuwa na Franco na TPOK Jazz, Orchestre Impala ya hapa nyumbani, na Mlimani Park ya Dar es Salaam. Alipokuja kuishi nami alibeba begi la nguo, sanduku la kaseti, amplifaya ya zamani na spika mbili za mbao ambazo kila moja inahitaji mtu mzima kuinyanyua.

Tukazipanga sebuleni. Wiki ya kwanza alisikiliza kila jioni. Wiki ya pili alianza kuongeza sauti. Wiki ya tatu jirani yangu, muuguzi anayefanya kazi zamu ya usiku, aligonga geti saa kumi alasiri na kuomba kwa upole apate usingizi. Mzee akaona aibu, akazima. Hakuwasha tena. Nilipomuuliza, alijibu kwamba katika nyumba yangu waimbaji wote wanaimba ndani ya pipa. Anasikia kelele, maneno hayasikii. Hata taarifa ya habari ilikuwa ikimpita.

Nilidhani ni masikio. Umri wake ni miaka sabini na kitu, na daktari alithibitisha kwamba amepoteza sehemu ya usikivu wa sauti nyembamba. Lakini kwenye gari langu bovu, redio ndogo ikilia, Mzee alisikia kila neno. Hapo ndipo niliposhuku chumba.

Makala haya ni habari ya miezi mitano niliyotumia kukitengeneza chumba hicho kwa mbao, pamba na vitenge, pamoja na makosa niliyofanya njiani. Nayaandika kwa ajili ya wasomaji wetu wanaovuka mipaka na mizigo kwa sababu karibu kila kitu nilichotumia kilipita Rusumo, Gatuna au Rusizi kabla ya kufika kwangu, na kwa sababu wenye shida kama ya Mzee ni wengi kuliko nilivyofikiri.

KOFI MOJA LINATOSHA

Simama katikati ya sebule yako, piga kofi moja kali, kisha nyamaza usikilize. Kama unasikia mlio mfupi unaokufa papo hapo, chumba chako ni kizuri. Kama unasikia mlio unaotetemeka kama waya uliopigwa, sauti inarukaruka kati ya kuta mbili zinazotazamana.

Sebule yangu ilikuwa na kila ugonjwa. Ina urefu wa mita 5, upana wa mita 4 na kimo cha mita 2.8. Kuta ni za tofali zilizopigwa plasta ya saruji, sakafu ni vigae, dari ni la jipsamu. Ndivyo nyumba nyingi mpya za Kigali zinavyojengwa, na ndivyo wapangaji wanavyozipenda kwa sababu zinang'aa na kusafishika kirahisi. Ila saruji na vigae hurudisha karibu sauti yote inayogonga. Plasta hufyonza asilimia mbili au tatu tu. Iliyobaki inarudi chumbani, inagonga ukuta wa pili, inarudi tena. Neno la kwanza halijafa, la pili limekwisha kufika. Mtu mwenye masikio mazima hupambana na hali hiyo bila kujua. Mzee mwenye usikivu uliopungua hushindwa.

Aliyetufundisha kupima jambo hili alianza na mito ya viti. Mwaka 1895 Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, kilikuwa na ukumbi mpya wa mihadhara katika jumba la makumbusho la Fogg ambao haukusikika kitu. Neno moja lilidumu hewani kwa sekunde tano na zaidi. Kazi akapewa mwalimu kijana wa fizikia, Wallace Clement Sabine. Usiku, mji ukiwa umelala, yeye na wasaidizi wake walibeba mito ya viti kutoka ukumbi wa jirani wa Sanders, wakaipanga Fogg, wakapuliza bomba la kinanda na kupima kwa saa sauti inachukua muda gani kufa. Wakaongeza mito, wakapima tena. Kutoka kwenye mito hiyo alipata kanuni inayotumika hadi leo, na ukumbi wa Symphony Hall wa Boston, uliofunguliwa mwaka 1900, ulijengwa kwa ushauri wake.

Kanuni yenyewe ni hesabu ya mwanafunzi wa sekondari. Chukua ujazo wa chumba kwa mita za ujazo, zidisha kwa 0.161, kisha gawanya kwa jumla ya eneo linalofyonza sauti. Sebule yangu ina mita za ujazo 56. Nilipojumlisha kuta, vigae, dari, makochi na mapazia mepesi, nilipata eneo la kufyonza la mita za mraba 6 hivi. Jibu lilikuwa takribani sekunde moja na nusu. Sebule ya kusikilizia muziki na mazungumzo inatakiwa kuwa kati ya sekunde 0.3 na 0.6.

Kwa hiyo Mzee alikuwa amesema kweli. Alikuwa anaishi ndani ya pipa.

TREI ZA MAYAI NA SPONJI

Kila mtu niliyemuuliza aliniambia nipige trei za mayai ukutani. Ushauri huo umeenea kuanzia studio za vichochoroni Nyamirambo hadi vyumba vya maombi. Nikazikusanya kwa wauza mayai wa soko la Kimironko, nikajaza ukuta mmoja kwa gundi.

Kofi lilibadilika kidogo sana. Sauti kali ya juu ilipungua ukali, mengine yote yakabaki yalivyokuwa. Sababu ni rahisi: trei ni karatasi nyembamba yenye mabonde. Ili kufyonza sauti vizuri, kitu kinatakiwa kiwe na unene, kiwe na matundu madogo mengi, na hewa iweze kupita ndani yake kwa shida. Sauti ni hewa inayotikisika. Inapolazimika kujipenyeza katikati ya nyuzi nyingi, nguvu yake inageuka joto dogo na kuisha. Trei haina cha kupenyeza. Zaidi ya hayo, baada ya wiki tatu mende walihamia nyuma yake. Nikazibandua, na rangi ya ukuta ikabanduka nazo. Mwenye nyumba bado hajasahau.

Jaribio la pili lilikuwa sponji la magodoro. Hili lilisaidia kweli. Vipande vya unene wa sentimita kumi vilituliza mwangwi hata Mzee akainua kichwa. Nilikuwa karibu kununua vingine nilipokumbuka habari mbili ambazo kila anayefikiria kubandika sponji ukutani anapaswa kuzijua.

Tarehe 20 Februari 2003, katika klabu ya The Station, jimbo la Rhode Island, Marekani, cheche za fataki za jukwaani zilishika sponji lililobandikwa kuzuia kelele. Watu 100 walikufa. Tarehe 27 Januari 2013, katika klabu ya Kiss, mji wa Santa Maria, Brazil, jambo lilelile lilitokea na watu 242 wakafa. Sponji la kawaida la poliurethani huwaka kwa kasi na kutoa moshi wenye sumu ambao humuangusha mtu kabla moto haujamfikia.

Nilichukua kipande cha sponji langu, nikakipeleka uani mbali na kila kitu, nikakiwasha kiberiti. Kiliteketea huku kikidondosha matone ya moto, na moshi wake mweusi ulinifanya nirudi nyuma hatua kumi. Nyuma ya amplifaya ya Mzee kuna nyaya za miaka ya themanini. Siku hiyo hiyo nikayaondoa masponji yote.

Anayeuza sponji kwa ajili ya studio au kanisa ajue kwamba anabeba dhamana. Gisozi, kwenye karakana za maseremala, moto umeshateketeza mali za watu zaidi ya mara moja; hakuna mfanyabiashara wa Kigali asiyejua moto wa mbao na magodoro unavyokwenda.

KABLA YA KUNUNUA CHOCHOTE

Kosa langu kubwa lilikuwa kununua kabla ya kupanga. Mambo manne hayakunigharimu hata faranga moja, na yalileta karibu nusu ya nafuu.

La kwanza, nilivuta spika kutoka ukutani. Zilikuwa zimeegemea ukuta na pembe, mahali ambapo sauti nzito huongezeka. Nilizileta mbele kiasi cha sentimita 70.

La pili, nilihamisha kiti cha Mzee. Kilikuwa kimegusa ukuta wa nyuma, na hapo pia sauti nzito hujazana. Mafundi wa sauti wana desturi ya kuanzia kwenye asilimia 38 ya urefu wa chumba. Kwa mita zangu 5, hiyo ni mita 1.9 kutoka ukuta mmoja. Nikakiweka hapo, kisha nikakisogeza huku na huku hadi besi ikatulia.

La tatu ni la kioo. Mzee alikaa kitini, mimi nikapitisha kioo cha kunyolea ndevu ukutani polepole. Kila mahali alipoona spika ndani ya kioo, nilitia alama ya chaki. Hapo ndipo sauti inapogonga mara ya kwanza na kumfikia ikiwa imechelewa kidogo. Ukiwa na vitambaa au mbao chache tu za kufyonza, zianzie hapo.

La nne, nilitandika zulia kati ya spika na kiti, na kulijaza kabati la vitabu upya, vikubwa na vidogo vikichanganyika bila kupangwa usawa. Vitabu vya ukubwa tofauti huitawanya sauti badala ya kuirudisha moja kwa moja.

FREMU ZA GISOZI

Kisha nikaenda Gisozi kwa seremala aliyenitengenezea meza zamani. Nikamchorea fremu ya mbao nyepesi ya mikaratusi: urefu sentimita 120, upana 60, kina 10. Nyuma ni mikanda miwili tu ya mbao ya kushikilia, isiyoziba. Alicheka, akauliza ni jeneza la nani. Akatengeneza kumi na mbili.

Kazi ilikuwa kujaza. Hapa nilijifunza kwamba nyuzi za ukanda wetu zingetosha kuwa darasa.

Sufi, ile inayotoka kwenye msufi na ambayo wazee wa pwani walijazia magodoro na mito, hufyonza sauti vizuri mno na ni nyepesi. Nilipoichomea uani iliwaka upesi kuliko nilivyotarajia. Nikaiacha.

Katani ina nyuzi ngumu. Peke yake inaacha matundu makubwa, lakini ikichanganywa na nyuzi laini inasaidia pamba isishuke chini ya fremu. Zao hili lililetwa Tanganyika na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na Tanga bado inalijua kuliko mahali pengine katika ukanda huu.

Makumbi ya nazi yanayosokotwa kuwa kamba na mikeka pwani yana tabia inayofanana na katani. Majani makavu ya mgomba, ambayo hapa huitwa ibirere, ni ya bure, lakini yangu yaliota ukungu msimu wa mvua.

Pamba ya magodoro, ile inayotoka kanda ya Ziwa Victoria upande wa Tanzania, ndiyo niliyoichagua kwa fremu tisa. Kila fremu ilikula kilo tatu hivi. Niliichambua kwa mikono hadi ikawa laini, nikaweka katani kidogo katikati kama kenchi ya kuibeba. Kabla ya kuijaza niliinyunyizia maji yenye boraksi na asidi ya boriki, dawa ileile wanayotumia watengenezaji wa vizuia joto vya karatasi, nikaianika siku mbili. Nilipoichoma kipande, kilifuka moshi na kuwa cheusi bila kushika moto. Dawa hizi hazitakiwi kumezwa wala kuvutwa puani. Vaa glavu na kitambaa cha uso, na watoto wakae mbali.

Fremu tatu zinazokaa karibu na amplifaya na nyaya nilizijaza sufi ya mawe, ambayo haiwaki kabisa. Inatengenezwa kwa kuyeyusha mawe ya volkano na kuyapuliza kuwa nyuzi, na wazo hilo lilitokana na nyuzi za asili zinazoonekana kwenye volkano za Hawaii. Mimi nilinunua zilizoagizwa kutoka nje ya ukanda, huku tukiishi chini ya milima ya Virunga iliyojaa mawe hayohayo. Mwenye mtaji alifikirie jambo hilo.

Juu ya fremu nilivalisha vitenge. Hapa kuna mtego. Kitambaa kikiwa kizito au kikiwa na wanga mwingi, sauti inagonga na kurudi bila kufika kwenye pamba. Kipimo ni mdomo: weka kitambaa mdomoni, puliza. Kama hewa inapita bila shida, kinafaa. Vitenge vipya vingi vinashindwa mtihani huu hadi vifuliwe mara mbili. Rangi alichagua Mzee.

Fremu nne nilizitundika kwenye alama za kioo, mbili kila upande. Nne ukuta wa nyuma. Mbili zikaning'inia darini juu ya zulia. Mbili nikazisimamisha kwenye pembe. Za ukutani niliziachia nafasi ya sentimita kumi kati yake na ukuta, kwa kuwa hewa hiyo ya nyuma inazifanya zifanye kazi kama nene zaidi. Kwa hesabu ya Sabine, fremu hizo pamoja na zulia zinashusha mwangwi kutoka sekunde moja na nusu hadi karibu sekunde 0.6.

BESI HAIFUKUZWI KIRAHISI

Lakini noti moja ya besi iliendelea kunguruma. Kila mpiga gitaa zito aliposhuka kwenye noti ile, madirisha yalitetemeka.

Sauti husafiri karibu mita 343 kwa sekunde. Katika chumba chenye upana wa mita 4, wimbi lenye urefu wa mita 8 linaingia sawasawa kati ya kuta mbili na kujiongeza. Wimbi hilo ni la hezi 43 hivi. Uzi mnene kabisa wa gitaa la besi hulia hezi 41. Noti inayofuata juu yake iko kwenye hezi 43 na kitu, yaani chumba changu kilikuwa kinampigia mpiga besi makofi kila alipoigusa noti moja.

Ili pamba ifyonze wimbi hilo vizuri ingehitaji unene wa karibu robo ya urefu wake, yaani mita 2. Ningebaki na pamba bila chumba. Ndiyo maana trei za mayai zenye kina cha sentimita tano haziwezi kuigusa besi, na anayekuuzia kwa ahadi hiyo anakudanganya au amedanganywa. Nilichoweza ni kuzifanya fremu za pembeni kuwa nene maradufu, kusogeza kiti sentimita thelathini nyingine, na kupunguza kitufe cha besi. Ngurumo haikuisha; ilipungua hadi ikavumilika.

Hapo nikamkumbuka mjenzi wa zamani. Ukitembelea Rukari, Nyanza, ndani ya mfano wa nyumba ya mfalme, zungumza uone. Nyasi nene, matete yaliyosukwa, mikeka sakafuni, ukuta wa mviringo usio na pande mbili zinazotazamana: sauti inakufa kwa upole. Inanga, chombo cha nyuzi chenye sauti ya chini, kilipigwa katika nyumba za namna hiyo na kusikika. Sisi tulipohamia kwenye saruji na vigae tulipata usafi na uimara, tukapoteza masikilizano.

Niliwahi kufikiria pia imigongo, zile mbao za michoro ya mistari iliyoinuka zinazotengenezwa Kirehe na ambazo kila msafiri wa Rusumo ameziona Nyakarambi. Je, zingetawanya sauti? Kidogo tu, na zile nyembamba sana, kwa sababu matuta yake ni ya sentimita moja hivi. Zinapendeza, zinunuliwe kwa uzuri wake.

JIRANI HAPONYWI NA PAMBA

Hapa kuna jambo ambalo wauzaji wengi hulichanganya, na wateja wanalipia kosa. Kufyonza sauti ndani ya chumba ni kazi moja. Kuizuia isitoke nje ni nyingine. Fremu zangu za pamba hazimzuii jirani kusikia chochote cha maana. Hewa ikipita kwenye pamba, sauti nayo hupita.

Kinachozuia sauti ni uzito na kuziba. Ukiongeza uzito wa ukuta maradufu, unapunguza takribani desibeli 6. Ukuta wa tofali tayari ni mzito. Tatizo ni matundu. Tundu la asilimia moja tu ya eneo la ukuta linaufanya ukuta mzima, hata uwe wa mawe, usiweze kuzuia zaidi ya desibeli 20. Sasa tazama nyumba zetu: juu ya kila dirisha kuna matundu ya hewa, na chini ya mlango kuna nafasi ya kupita panya.

Mlango niliuziba pembeni kwa mpira na chini kwa mkanda mzito. Matundu ya hewa sikuyaziba, kwa sababu binadamu anahitaji kupumua, hasa nyumba inayowashiwa jiko. Nilitengeneza visanduku vya mbao vyenye kona mbili ndani, vilivyopakwa sufi ya mawe, ili hewa ipite ikizunguka na sauti ichoke njiani.

Kelele si jambo dogo katika jiji hili. Mapema mwaka 2018 serikali ilifunga makanisa zaidi ya 700 Kigali, na kelele ilitajwa miongoni mwa sababu, pamoja na usalama wa majengo. Tangu Septemba 2023, baa na huduma nyingine zisizo za lazima zinatakiwa kufunga saa saba usiku siku za kawaida na saa nane usiku Ijumaa na Jumamosi. Kanisa, baa, studio na ukumbi wa harusi vyote vinatafuta fundi anayejua tofauti kati ya kufyonza na kuzuia. Anayeziuza trei za mayai kama dawa ya kelele za jirani atarudishiwa mzigo.

MZIGO MPAKANI

Kwa wasomaji wanaotaka kuigeuza habari hii kuwa biashara, haya ndiyo niliyoyaona nikifuatilia bidhaa zangu.

Bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, kama pamba, katani, mikeka na fremu za mbao, zinaweza kunufaika na utaratibu rahisi wa biashara ikiwa zipo kwenye orodha ya pamoja na mzigo wako hauzidi thamani ya dola 2,000. Unajaza cheti rahisi cha uasili wa bidhaa hapohapo mpakani bila kuhitaji wakala. Utaratibu huo unaondoa ushuru wa forodha. Kodi ya ongezeko la thamani, ambayo Rwanda ni asilimia 18, ni suala jingine. Uliza dawati la taarifa za biashara la mpaka unaoutumia kabla ya kupakia.

Bidhaa za nje ya jumuiya hulipiwa ushuru wa pamoja: asilimia 0 kwa malighafi, 10 kwa bidhaa za kati, 25 kwa zilizokamilika, na tangu Julai 2022 asilimia 35 kwa baadhi ya bidhaa zinazotengenezwa kwa wingi hapa kwetu. Fremu iliyokamilika kutoka nje na malighafi ya kuitengenezea Gisozi hazisimami mstari mmoja.

Mazao ya mimea ambayo hayajasindikwa yanaweza kudaiwa cheti cha afya ya mimea. Mafungu ya majani ya mgomba au sufi ghafi yasivukishwe kwa kubahatisha.

Taulo na mablanketi ya mitumba ni ujazo mzuri wa fremu, lakini si Rwanda. Mwaka 2016 ushuru wa caguwa ulipandishwa kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo, na msimamo huo uliifanya Marekani isitishe nafuu ya AGOA kwa nguo za Rwanda Julai 2018. Kilo tatu kwa fremu moja, piga hesabu. Kusema kwamba ni za kujazia na si za kuvaa hakumshawishi ofisa wa forodha.

Mwisho, usifungashe kwa mifuko ya plastiki. Imepigwa marufuku hapa tangu 2008, na mwaka 2019 marufuku ikapanuliwa hadi plastiki za kutumika mara moja. Pamba yangu ya kwanza ilifika Rusumo ikiwa imefungwa kwa plastiki, na mwenye mzigo alitumia nusu siku kuihamishia kwenye magunia.

PUNGUZA KIDOGO

Kazi ilikamilika Jumamosi moja. Nilipiga kofi, likafa papo hapo. Nikamwita Mzee kutoka uani, akakaa kwenye kiti chake kipya cha mita 1.9, nikaweka kaseti ya Impala na kuiacha sauti palepale alipoizoea, kwenye namba saba.

Alisikiliza kama dakika mbili, kichwa kimeinama, na mimi nikaanza kuhesabu fedha nilizopoteza. Kisha akainua mkono, akaniambia nipunguze. Nikashusha hadi sita. Akaniambia tena. Tulipofika namba nne ndipo alipotulia, akaanza kunitafsiria neno kwa neno kile muimbaji alichokuwa anamwambia mkewe.

Tangu siku hiyo kitufe hakijavuka namba nne. Jirani muuguzi ameniuliza kama tumemuuzia mtu zile spika. Nilimjibu zipo, na jioni hiyo akaja kuziona. Aliondoka na vipimo vya fremu vilivyoandikwa kwenye karatasi, kwa ajili ya chumba cha watoto wake. Seremala wa Gisozi ameacha kuuliza habari za jeneza. Sasa anauliza pamba nyingine inakuja lini.